Je, Aliyepona Ni Mgonjwa Wetu Bado?

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno "kupona" lina maana mbili. Mtu aliyeanguka mtoni akatolewa mzima, twasema amepona. Maana yake, kifo kimemkosa. Mtu aliyekuwa na homa, leo akaamka na nguvu zake na kushika jembe, naye twasema amepona. Maana yake, ugonjwa umekwisha. Neno ni moja, mambo ni mawili. Mara nyingi kuyachanganya hakuleti hasara. Lakini kuna watu kati yetu ambao kwao mchanganyo huo umekuwa mzigo mzito. Hao ni ndugu zetu walioshikwa na Ebola wakatoka wazima.

Ugonjwa huo ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1976 katika misioni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, ukapewa jina la mto Ebola. Mwaka 1995 ulizuka Kikwit. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba umefika Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina, karibu na Beni. Ukaenea Butembo na Katwa, ukaingia Ituri, na haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Waliugua watu 3,470, wakafa 2,287. Waliopona walizidi 1,100.

Hao waliopona walitoka vituoni kwa nyimbo na vigelegele, hati zao mkononi. Watu wakawaita washindi. Furaha hiyo ilikuwa halali, na ni vema tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Swali letu linaanza siku nyimbo zilipokwisha. Je, mtu huyu ni mgonjwa wetu bado? Baada ya mwaka mmoja, baada ya miaka mitano, tuna wajibu gani kwake?

Tuchukue mfano. Hatumtaji mtu, maana wako wengi wa namna hii. Tuseme kuna mama, mkulima wa mihogo na maharagwe, mwenye watoto wanne. Alipotoka kituoni, majirani walimletea bukari na sombe, wakamchotea maji. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi, mwezi wa pili alipewa jembe. Lakini vidole vyake vyashindwa kushika mpini. Asubuhi magoti yanawaka. Akisimama juani, jicho lauma na kutoa machozi. Akienda sokoni kununua vitu vitatu, arudi na kimoja. Siku nyingine ana nguvu, alima mpaka saa sita; kesho yake hawezi kuinuka kitandani. Hapo ndipo maneno huanza: "Si ulipona wewe?"

Mambo yalivyo mwilini

Kabla ya kuhukumu, sharti tujue. Hati ya kituo yasema neno moja la kweli: virusi havionekani tena katika damu. Haisemi kwamba mwili umerudi ulivyokuwa. Ebola hupita mwilini kama moto katika majani makavu. Moto ukizimika, shamba halijaota bado.

Tena kuna sehemu za mwili ambamo ulinzi wake haufanyi kazi kwa ukali uleule: ndani ya jicho, ubongoni, katika makende ya mwanamume. Humo virusi vyaweza kujificha. Daktari mmoja Mmarekani aliambukizwa Sierra Leone mwaka 2014 alipokuwa akiwahudumia wagonjwa. Majuma 9 baada ya damu yake kuwa safi, vilikutwa vingali hai ndani ya jicho lake.

Liberia nako, ambako Ebola iliua maelfu kati ya mwaka 2014 na 2016, wachunguzi waliwachukua waliopona 966, wakawalinganisha na watu 2,350 waliokuwa karibu nao lakini hawakuugua. Waliopona walizidi kuumwa kichwa, viungo na misuli, walizidi kuchoka na kusahau. Uvimbe wa ndani ya jicho ulipatikana kwa watu kama 26 katika kila 100 wa waliopona, na kwa kama 12 katika kila 100 wa wale wengine. Malalamiko mengi yalipungua kadiri muda ulivyopita, na hilo ni jambo la kututia matumaini. Lakini uvimbe wa macho uliongezeka. Huko Guinea iliandikwa habari nzito zaidi: katika mwaka wa kwanza au karibu, waliopona walikufa mara tano kuliko watu wa kawaida, na wengi wao walidhaniwa kuwa figo zao zimeharibika.

Basi yule mama hasemi ndoto. Amepona kifo. Kupona ugonjwa ni safari, naye yumo njiani bado. Wazee walilijua jambo hili zamani, waliposema: Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wala tusidhani ni Ebola peke yake inayofanya hivi. Chikungunya yaweza kuacha viungo vikiuma miezi mingi. Korona, iliyoingia Kongo mwezi wa Machi 2020, imewaacha wengine na uchovu na pumzi fupi muda mrefu baada ya homa kupoa. Tunayosema hapa juu ya waliopona Ebola yawahusu na hao.

Mt. Marko atueleza habari ya kipofu wa Betsaida. Bwana Yezu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamwekea mikono. Yule mtu akaanza kuona, lakini watu aliwaona kama miti inayotembea. Tuangalie vema alivyofanya Bwana. Hakumkemea kwamba hana shukrani. Hakumwambia kwamba nusu yatosha. Alikuwa amemwuliza anaona nini, akasikiliza jibu, akamwekea mikono mara ya pili. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona haya kumponya mtu kwa hatua mbili, sisi ni nani hata tumdai jirani yetu apone kwa hatua moja?

Wanaosema: "Anajifanya"

Tusiyafiche maneno yanayosemwa vijijini. Wengine husema: "Huyu anajifanya mgonjwa apate misaada." Twajua maneno hayo yatoka wapi. Ebola ilileta magari mengi na fedha nyingi. Upande wa Beni watu walikuwa wakichinjwa tangu mwaka 2014, wakauliza: kwa nini dunia imekuja mbio kwa ugonjwa huu, wala haikuja hivyo kwa vifo vyetu vingine? Swali hilo lina haki yake, na wakubwa walijibu. Lakini hasira juu ya wenye magari isimwangukie mwenye magoti mabovu.

Tufikiri. Watu wawili wakigombea mbuzi, twaita mashahidi. Lakini mtu akisema "naumwa", shahidi ni mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Goti linalouma laweza kuonekana sawa na goti zima. Uchovu hauna kidonda cha kuonyesha. Kwa hiyo hatuna budi kuchagua: kumsadiki au kumkana. Na uchaguzi huo hauko nje ya sheria ya Mungu. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kwa kawaida twadhani amri hiyo ni ya barazani na mahakamani. Kumbe, kumwita mwongo mbele ya majirani mtu asemaye kweli juu ya mwili wake, nako ni kumshuhudia uongo.

Mtu atasema: "Na kama kweli anatudanganya?" Twajibu: huenda mmoja akadanganya. Hebu tupime hasara mbili. Tukimsadiki mwongo, tumepoteza bidoni ya maji na asubuhi moja ya kulima. Tukimkataa msema kweli, tumempotezea jina lake, na pengine jicho lake; maana jicho la aliyepona Ebola likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au kuona ukungu, laweza kupofuka lisipotibiwa mapema. Dawa ipo. Mtu huyo yampasa afike kwa daktari siku hiyohiyo, asingoje soko lipite. Lakini nani atakwenda, ikiwa nyumbani wamekwisha mwambia kwamba maumivu yake ni maneno tu?

Hivyo twaona kwamba kumsadiki mgonjwa si zawadi tunayompa tukipenda. Ni haki yake. Huruma huja baadaye, juu ya haki hiyo, kama paa juu ya ukuta.

Wanaosema: "Tunaogopa"

Wengine hawana ubaya moyoni, ila wanaogopa. Nao tusiwacheke. Mwezi wa Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo. Waliugua watu 12, wakafa 6. Virusi vilipochunguzwa vilionekana kuwa wazao wa vile vya mlipuko wa mwaka 2018. Mwaka huohuo, Guinea, virusi vilivyozuka vilitokana na vile vya miaka 5 na zaidi nyuma. Yaani vilikuwa vimekaa kimya katika mwili wa aliyepona.

Kwa hiyo hofu ina sababu. Lakini ni kazi ya fadhila ya busara kuiongoza hofu, isipige mahali pasipo na hatari. Kumsalimu aliyepona kwa mkono, kula naye sahani moja, kukaa naye benchi moja kanisani, kupokea Komunyo nyuma yake: hayo hayaambukizi. Hatari iliyo wazi zaidi iko katika mbegu za mwanamume, ambamo virusi vyaweza kukaa miezi mingi, hata kupita mwaka. Ndiyo maana madaktari humtaka mwanamume apimwe mara kwa mara, mpaka vipimo viwili vionyeshe kwamba havimo. Wakati huo wenye ndoa wanaombwa kujizuia. Mt. Paulo alikwisha kusema juu ya kujizuia kwa mapatano na kwa muda. Si jambo geni kwa Mkristu, wala si alama ya chuki nyumbani. Mama anyonyeshaye naye amwulize daktari kabla ya kumpa mtoto ziwa.

Tena tuone hofu isiyo na busara huzaa nini. Tukimfukuza aliyepona, tunamfundisha kujificha. Anayejificha hapimwi. Asiyepimwa hatibiwi, na hapo hatari tuliyoikimbia tumeifuga wenyewe.

Mwaka 1995, kule Kikwit, Masista sita wa utawa wa Poverelle kutoka Bergamo walikufa kwa Ebola walipokuwa wakiwahudumia wagonjwa na kuhudumiana wao kwa wao. Mwaka 2021 Kanisa liliwatambua kuwa Waheshimiwa. Wao walikaa penye hatari ya kweli. Sisi twaombwa kukaa benchi moja na mtu asiyeweza kutudhuru kwa kukaa naye.

Wanaosema: "Sisi wenyewe ni maskini"

Hili ndilo neno gumu kuliko yote, maana ni kweli. Anayeombwa msaada naye ana watoto, naye amekimbia vita, naye ana deni la minervali. Atampa mwenzake nini, tena kwa miaka?

Turudi kwa Msamaria Mwema. Twapenda kuusoma mfano huu kama habari ya njiani: majambazi, kuhani apitaye, Mlawi apitaye, kisha mafuta na divai. Lakini nusu ya habari hiyo si ya njiani. Ni ya nyumba ya wageni. Kazi ya njiani ilikuwa ya saa moja. Msamaria alijua kwamba haitoshi. Akampeleka mtu yule mahali pa kulala, akamwuguza, na kesho yake akaacha dinari mbili, akaahidi kwamba gharama ikizidi atalipa atakaporudi. Alijua ugonjwa waweza kupita hesabu ya kwanza. Na yule mwenye nyumba, ambaye hatumtaji katika mahubiri, ndiye aliyebaki na mgonjwa, akaamka usiku, akabadilisha vitambaa.

Katika vijiji vyetu wenye nyumba hao ni akina nani? Ni mume, ni nyanya, na mara nyingi ni binti wa miaka kumi na miwili aliyeacha shule ili achote maji na kuwapikia wadogo zake. Hao nao huchoka, hukasirika, hulia usiku. Kosa letu kubwa ni kudhani kwamba mgonjwa akiwa na watu wake, sisi tumekwisha maliza. Binti yule akishinda kisimani mwaka mzima, ugonjwa umepata mgonjwa wa pili, ambaye hana hati wala jina.

Dawa ya jambo hili si mtu mmoja mwenye moyo mkubwa, maana moyo mkubwa nao huchoka. Dawa ni shirika. Kile asichoweza mmoja kwa miaka, nyumba kumi na mbili zinakiweza bila kulemewa. Jumatatu nyumba hii yachota maji, Jumatano ile yapalilia, siku ya zahanati kijana mwenye moto amchukua mgonjwa bila malipo au kwa bei ya mafuta tu. Shirika likiwa na sanduku, lisaidie kwanza minervali ya yule binti. Hesabu iandikwe katika daftari, na kila miezi mitatu iangaliwe upya, maana mgonjwa hubadilika: yuko atakayetuambia sasa anaweza, naye tumshangilie, yuko atakayehitaji zaidi.

Na tukimtembelea, tuseme nini? Rafiki za Yobu walikaa naye chini siku saba bila kunena, na hapo walikuwa rafiki wema. Walipofungua vinywa kumweleza sababu za mateso yake ndipo walipoharibu. Basi tusimwambie aliyepona kwamba ana dhambi iliyofichika, wala kwamba amerogwa, wala kwamba akilalamika atamkasirisha Mungu aliyemponya. Mtu aweza kushukuru kwa uhai na kulia kwa maumivu saa ileile; Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo. Tumwulize: Leo waonaje? Kisha tungoje jibu.

Wajibu wa mgonjwa mwenyewe

Haki huenda pande mbili. Aliyepona naye ana wajibu. Aseme kweli juu ya mwili wake, asizidishe wala asifiche. Ashike siku za kupimwa. Siku nguvu zinapokuja asizimalize zote kwa kazi moja ili kuonyesha watu kwamba si mvivu. Alime kidogo, apumzike kidogo. Wala asione haya kupokea. Pengine kupokea ni unyenyekevu mgumu kuliko kutoa. Na ugonjwa ukiwa mzito, azungumze na padri juu ya Mpako wa Wagonjwa. Maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutukumbusha kwamba sakramenti hiyo si ya wale tu walio katika saa ya kufa.

Deni letu

Yako mambo ambayo waliopona wametufanyia, nasi tumeyasahau. Vituo vya Beni na Butembo vilipojaa, watoto wachanga walitenganishwa na mama zao wagonjwa. Nani aliweza kuwabeba bila hofu kama watu wengine? Waliopona. Waliingia tena karibu na mahali pa mateso yao, wakawapakata watoto wa wengine.

Tena kuna mtu mmoja aliyeugua Kikwit mwaka 1995 akapona. Zaidi ya miaka 10 baadaye alitoa damu yake ichunguzwe, na Profesa Muyembe alikuwa katika kazi hiyo. Katika damu hiyo wataalamu walikuta kinga ingalipo, wakatengeneza dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa kwetu, katika vituo vya Kivu ya Kaskazini, tangu Novemba 2018. Ilipofika Agosti 2019 ilionekana kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa kama 35 katika kila 100, na waliopewa dawa nyingine, ya zamani zaidi, walikufa karibu nusu. Yaani mgonjwa wa Kikwit, aliyekwisha sahauliwa na wengi, aliwaponya watu wa Beni.

Basi swali letu lajibiwa. Ndiyo, aliyepona ni mgonjwa wetu bado, muda wote mwili wake unaposema hivyo. Tena ni mdai wetu. Jumapili hii, baada ya Misa, wakuu wa mashirika waulizane maneno matatu: Nani kati yetu alipona? Nani anakaa naye nyumbani? Nani amewatembelea mwaka huu? Jibu la swali la tatu likiwa "hakuna", tusipoteze muda kulaumiana. Tuchukue bidoni, twende. Bwana Yezu, aliyemwekea kipofu mikono mara ya pili, atupe nasi kwenda mara ya pili, na ya tatu, na nyingine zote zitakazohitajika.